Barua kwa Mama Kevo, kabla kijana hajapanda ndege

Nyalenda, Kisumu
Jumatano jioni

Mpendwa Mama Kevo,

Salamu kutoka huku kwenye joto. Barua hii utaipata pamoja na omena. Nimempa dereva wa matatu ya asubuhi, kwa sababu jambo hili simu hailiwezi. Kila nikikupigia unaniambia "ngoja nitoke nje", nasikia mlango, kisha unaanza kunong'ona. Kijana wa miaka 22 anajua vizuri mama yake akinong'ona anamsema nani.

Tangu ukute vidonge kwenye suruali ya Kevo, umeniuliza kama upekue begi lake, kama umpeleke kituo cha kurekebisha tabia hata kwa nguvu, au kama mwahirishe safari yake ya masomo ya Minnesota, Marekani. Ukamalizia na ile video ya fentanili uliyotumiwa kwenye kikundi cha akina mama. Nianze na hiyo fentanili, maana naijua kwa mikono yangu.

Fentanili ni dawa ya hospitali ya kuzuia maumivu makali. Iliundwa Ubelgiji na daktari Paul Janssen zaidi ya miaka 60 iliyopita, na miaka yangu yote ya chumba cha upasuaji nimeivuta kwenye sindano, mgonjwa akapasuliwa bila maumivu, akaamka akaomba chai. Mofini tunaipima kwa miligramu. Hii tunaipima kwa maikrogramu, yaani sehemu ya elfu ya miligramu, kwa kuwa nguvu yake ni mara 50 hadi 100 ya mofini. Na hatumdungi mtu tukaenda zetu. Lazima awepo wa kukaa kichwani pa mgonjwa, macho kwenye pumzi, kwa sababu dawa hii ikizidi hakuna kelele wala kuhangaika. Mtu anasinzia, pumzi zinakuwa chache, halafu zinakoma.

Ile ya askari anayeanguka kwa kuigusa tu, ipuuze. Kama kugusa kungekuwa kunaua, mimi ningezikwa zamani na wewe ungekuwa umeshachanga. Nakasirishwa na video za aina hiyo kwa sababu zinawafanya watu waogope kumshika aliyezidiwa, na yule anahitaji kushikwa upesi.

Balaa la Marekani ni fentanili inayotengenezwa kwa magendo, ikachanganywa na unga mwingine na kukandamizwa kuwa vidonge vinavyofanana kabisa na vya dukani: Percocet ya maumivu, Xanax ya wasiwasi, Adderall ya kukaa macho. Rangi ileile, herufi na nambari zilezile. Miligramu 2 tu, punje chache za chumvi, zaweza kumuua mtu ambaye mwili wake haujaizoea. Na mkorogaji hana mizani ya kiwanda. Katika mfuko mmoja kidonge hiki hakina kitu, jirani yake kina kipimo cha kuzika. DEA, idara yao ya kupambana na dawa za kulevya, ilipopima vidonge bandia vya fentanili ilivyovikamata mwaka 2023, 7 kati ya 10 vilikuwa na kipimo kinachoweza kuua. Mwaka 2024 ikawa 5 kati ya 10, wakatangaza kama habari njema. Sawa, ni nafuu. Lakini wewe ungempa mtoto wako kidonge chenye nafasi kama hiyo?

Mwaka 2021, 2022 na 2023 Wamarekani zaidi ya 100,000 walikufa kila mwaka kwa kuzidiwa na dawa, na wengi wao ni fentanili na ndugu zake. Mwaka 2024 idadi ilishuka hadi kama 80,000. Unamkumbuka Prince, yule mwanamuziki tuliyekuwa tunamcheza bwenini hadi matroni anazima taa? Alifia hukohuko Minnesota, Aprili 2016. Wachunguzi walisema alikuwa amemeza vidonge vya maumivu vilivyoonekana halali kumbe ndani ni fentanili, na hakukuwa na dalili kwamba yeye alijua. Tajiri, mwenye madaktari wake.

Kwa hiyo unapomwazia Kevo, usimwone kama teja aliyekunjamana nyuma ya soko. Mwazie kijana mwenye adabu anayesoma mchana, na usiku anafanya shifti ya kuwainua wazee kitandani, maana hiyo ndiyo kazi wengi wetu wanaanzia kule. Mgongo unamuuma. Daktari ni pesa, na hajui bima inavyofanya kazi. Mwenzake wa shifti anatoa kidonge mfukoni: "Meza hii, utaamka sawa." Hapo ndipo penye kaburi. Na sisi tumewalea hivyo, Mama Kevo. Huku kwetu ukisema kichwa kinauma, jirani anafungua mkoba na kukukatia viwili kutoka kwa strip yake. Kevo lazima aambiwe kwamba kule, kidonge ambacho hakikutoka kwa mfamasia kikiwa na jina lake kwenye chupa, hakimezwi. Hata kama kinatoka kwa binamu. Hata nusu.

Sasa vile vidonge ulivyovikuta kwenye suruali yake. Umesema ni vyeupe, vimefungwa kwa karatasi ya daftari. Kwa macho hakuna awezaye kuvijua, mimi nikiwemo, kwa hiyo usikae navyo ukivigeuzageuza juani. Nakuomba pia usiende kwa kelele. Vijana tunaokaa nao hapa kanisani Jumamosi wameniambia mengi, na karibu wote wanaanza mahali pamoja: hawakuwa wakitafuta stimu, walikuwa wakitafuta usingizi. Mtu amezunguka na bahasha ya vyeti mwaka mzima, akaona wenzake wakitumia pesa nyumbani, yeye anaomba ya kunyoa. Usiku mawazo yanamkaba. Rafiki anamletea tramadoli ya maumivu, au valiamu ya wasiwasi, au chochote kinachozima kichwa. Baadaye inakuwa kila siku.

Mwulize kuhusu usingizi. Usimwulize "unatumia nini?" mara ya kwanza, mwulize analala saa ngapi, anakula, anawaza nini saa nane za usiku. Na ukimshuku anawaza kufa, mwulize waziwazi. Kumwuliza hakumwingizii wazo hilo, nimeshuhudia kunavyompunguzia mtu mzigo. Hospitali ya rufaa ya kaunti hapo Nakuru ina watu wa afya ya akili. Laini ya NACADA, mamlaka ya serikali yetu ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, haina malipo. Piga wewe kwanza, upate kusemezana na mtu aliyefundishwa kabla hujasemezana na mwanao.

Kituo kwa nguvu sikipendekezi. Baba Kevo atasema namdekeza, mwambie ni mimi nimesema. Mtu akifungiwa miezi mitatu, mwili unasahau dawa, na siku akitoka akarudia kipimo chake cha zamani, kipimo hicho kinamuua. Ni moja ya nyakati za hatari kuliko zote, pamoja na kutoka gerezani. Kituo ni kizuri kwa anayekubali kwenda na mwenye wa kumpokea akitoka. Kwa wenye kushikwa na heroini kuna methadoni, dawa ya kushika nafasi ya heroini, ambayo serikali yetu imekuwa ikitoa kliniki tangu 2014, lakini huko Kevo hajafika.

Begi usilipekue. Utapata kidonge, utapoteza mtoto wa kukuambia.

Safari, mimi naona iendelee, lakini isiwe dawa. Nimesikia wazazi wakisema "akifika Amerika atabadilika", kana kwamba huzuni inakaguliwa uwanja wa ndege. Akipanda ndege na giza lilelile, atalikuta linamsubiri kwenye theluji, na huko hana mama wa kumwona ameacha kula. Kama Agosti hajakaa sawa, chuo kinaweza kumsogezea muhula. Mjomba wake atakasirika. Akasirike.

Na huyo mjomba nitampigia mwenyewe. Nataka awe na naloksoni nyumbani, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidiwa na fentanili, ile ya kupuliza puani. Tangu 2023 inaruhusiwa kuuzwa kule bila karatasi ya daktari. Si tusi kwa mtoto. Kila nyumba ya kule yenye vijana ingekuwa nayo mimi ningelala vizuri. Nitamfundisha dalili: hamki ukimwita na kumsugua kifua kwa vifundo vya vidole, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anakoroma kwa kusongwa. Vitabu vinasema midomo inakuwa bluu. Kwa ngozi yetu angalia ndani ya midomo na kwenye kucha, inakuwa kijivu. Hapo ni 911 kwanza, simu yao ya dharura, kisha naloksoni, kisha kumpulizia pumzi mdomoni, na akianza kupumua mlaze kwa ubavu. Asiachwe peke yake, maana naloksoni yaweza kuisha baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu huku fentanili bado ipo mwilini, akazama tena. Watu wengi hufa kwa sababu wenzao walisema "mwache alale, atapoa". Wengine wanaogopa polisi. Minnesota tangu 2014 ina sheria inayomlinda anayeita msaada asishtakiwe kwa kukutwa na kiasi kidogo, na nataka Kevo aijue kabla hajahitaji kuijua.

Jambo moja la kwako. Akifika kule, miezi ya kwanza usimtumie orodha: ada ya mdogo wake, mabati ya shosho, mchango wa harusi. Najua wataanza kukujia siku ileile ya ndege. Waambie bado hajapata karatasi. Mtoto akipigiwa simu za madeni tu, anajifunza kusema "niko poa, mum" na kukata.

Ila kwanza nikopeshe yeye wiki mbili. Ana diploma ya umeme, na ukumbi wetu hapa kanisani nyaya zake zinatoa cheche kila tukiwasha feni. Mzee wa kanisa amekubali kumlipa, si kwa maombi, kwa pesa. Jioni atakaa na wale vijana wangu kama fundi, simtangazi kama mgonjwa, na kama kuna la kusema atalisema akiwa tayari, au hatalisema. Nauli nitaituma kwa M-Pesa Ijumaa, kwa simu yake, siyo yako. Mwambie abebe testa na koleo, na neti nzuri, mbu wa huku hawana aibu.

Rafiki yako,
Mama Atieno