Kigango si pambo la mapokezi

Mhariri,

Juma lililopita nilikwenda hoteli moja ya ufukweni huku Kilifi kumwona mpwa wangu anayefanya kazi jikoni. Kando ya meza ya mapokezi nikakuta kigango, nguzo ya mti ya kumkumbuka marehemu, kimesimama, kimepakwa vanishi, wageni wanapiga nacho picha. Nikauliza ni cha nani. Kijana wa mapokezi akajibu, "Sanaa tu hiyo, mzee."

Pale nilinyamaza. Naomba nimjibu hapa.

Kigango hakichongwi kwa sababu fundi amepata gogo zuri. Kwa Wagiriama huchongewa marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, mara nyingi miaka mingi baada ya mazishi, anapowatokea wanawe ndotoni au maradhi yanapouandama mji, yaani boma lao. Fundi hutafuta mti mgumu, akatoa kichwa, shingo, kisha kiwiliwili kirefu bapa chenye nakshi za pembetatu. Asiyekuwa wa Gohu husimikiwa kijiti kifupi tu. Kikishasimikwa, hakihamishwi. Watu wakihama, chenyewe hubaki, mvua na mchwa wakimalize hapo hapo.

Wezi wakaona mwanya hapo. Kitu kilichoachwa porini, wakasema, hakina mwenyewe! Mamia ya vigango yakaishia Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilitambuliwa kwa kuwa mtafiti alikuwa amempiga picha mwenye mji akiwa navyo. Vilikutwa kwenye makumbusho ya vyuo vikuu viwili, kimoja huko Illinois. Vimesharudishwa Kenya.

Wanisga'a, wenyeji asilia wa Kanada, wanalijua jambo hili. Nguzo yao ya ukumbusho, Ni'isjoohl, iliyochongwa kwa mti wa mwerezi, ilichukuliwa mwaka 1929 ikapelekwa Edinburgh. Waliidai mpaka ikarudi Septemba 2023, nao ndio wanaoitunza, kwao, bonde la mto Nass.

Sisi tunawadai Wamarekani, na ni haki. Lakini nani amepita kwenye hoteli zetu wenyewe? Serikali ya kaunti ianzie hapo, iandamane na wazee wa kaya, walinzi wa misitu yetu mitakatifu, maana afisa peke yake hatajua anachokitazama.

Wapo watakaosema hicho ni nakala ya kuuzia watalii. Nakala zipo, na fundi anayezichonga anajitafutia riziki, simlaumu. Ila kabla sijatoka niliinama nikakitazama mguuni, mahali vanishi haikufika. Pameliwa na mchwa.

Msomaji,
Kilifi