Anayedai sheria mpya katika mdahalo aeleze itakavyofanya kazi

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa jaji wa midahalo ya shule za sekondari kwa miaka kadhaa, na naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wanafunzi tunaowapa alama nyingi kwa kazi iliyofika nusu. Mada inapoitaka Serikali ipige marufuku jambo fulani, wasemaji wa upande wa kuunga mkono hutumia karibu dakika zao zote kueleza ubaya wa hali iliyopo, na kengele inapogongwa hakuna aliyetamka ni nani atakayeisimamia sheria hiyo, itaanza lini, wala kwa nini iliyopo imeshindwa.

Chukua mada ya kupiga marufuku chupa za plastiki zinazotumika mara moja na kutupwa. Msemaji ataeleza kwa uchungu habari za mitaro iliyoziba na ng'ombe wanaokula plastiki, nasi tutampigia makofi, ilhali mpinzani makini hana haja ya kukanusha hata neno moja la hayo: atakubali yote, kisha atauliza sheria inayopendekezwa itabadili nini.

Jibu lipo karibu nasi, katika historia ya mifuko ya rambo, yaani mifuko ya plastiki ya kubebea. Kenya ilijaribu kuzuia mifuko myembamba mwaka 2007, ikajaribu tena mwaka 2011, na mara zote mbili mifuko ikabaki sokoni. Marufuku iliyoshika ni ya Agosti 2017, iliyotangazwa miezi sita kabla, ikahusu mifuko ya kubebea bila kujali unene wake, tena ikaambatana na adhabu kali. Hapo ndipo msemaji wa pili angejenga hoja yake, kwa sababu mgambo wa soko hawezi kupima unene wa mfuko kwa macho, lakini mfuko wenyewe anauona.

Zanzibar ilichukua hatua mwaka 2006 na Rwanda mwaka 2008, kisha Tanzania Bara ikafuata Juni 1, 2019, baada ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, kulitangaza jambo hilo bungeni mwezi Aprili. Hata hivyo vifungashio vya baadhi ya bidhaa viliruhusiwa, na haukupita muda mrefu vile visivyo na mikono vikaanza kutumika sokoni kama mifuko. Mwanafunzi anayeitaja kasoro hii mwenyewe, akaeleza pendekezo lake litakavyoiziba, humwacha mpinzani bila pa kushika. Vivyo hivyo kuhusu ajira za viwandani, suala ambalo wengi hulikwepa wakidhani kulitaja ni kujidhoofisha. Mimi nampa alama zaidi anayelikabili.

Lawama si ya wanafunzi. Fomu za alama nilizowahi kukabidhiwa hupima lugha, ujasiri na hoja kwa jumla, bila mstari hata mmoja wa utekelezaji. Nawaomba waandaaji watenge robo ya alama kwa ajili ya mpango wenyewe, yaani msimamizi, muda, gharama na wanaoathirika, na watoe mada wiki mbili kabla, ili wanafunzi wapate nafasi ya kwenda sokoni na katika ofisi ya kata kuuliza sheria iliyopo inakwama wapi.

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro