Idi Njema kwa Wenzangu Tuliovuka Arubaini

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Idi Mubarak, ndugu na dada zangu, hasa nyinyi wa rika langu. Mwezi umeandama, Mfungo Mosi umeingia, watoto wamevaa na wanangoja mkono wa Idi. Mola azitakabali funga zetu na tarawehe zetu.

Ramadhani hii, baada ya futari, nimewasikia wengi wenu mkilisema lile ambalo ujanani hatukulisema: nyumba ipo, kazi ipo, watoto wanasoma, lakini moyo hautulii. Nawaomba msiione hali hiyo kuwa maradhi. Qur'ani imewataja watu wa umri wetu. Katika Sura Al-Ahqaf, aya ya 15, mja anafikia miaka 40, ndipo anaomba: awezeshwe kushukuru neema aliyoneemeshwa yeye na wazazi wake, atende mema yanayomridhisha Mola, na atengenezewe kizazi chake. Kisha anatubu.

Tazameni alipo mja huyo: juu yake wazazi, chini yake watoto. Ndipo tulipo sisi, huku dawa za presha za mama, huku karo. Dua ile haimwambii ayakimbie hayo akatafute utulivu kwingine. Inamkuta humo humo. Na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa mume na baba, mwenye miaka 40, wahyi ulipomshukia katika pango la Hira, alikokuwa akijitenga kufanya ibada.

Basi moyo ulioamka Ramadhani usilale Idi ikipita. Siku sita za kufunga za Shawwal, yaani Mfungo Mosi huu, hizo zaja. Na wewe unayeona haya kuanza alifu ilhali wanao wamekwisha hitimu, nenda darsani. Mtume amesema anayesoma Qur'ani kwa kusitasita na kwa taabu ana ujira mara mbili. Sijui bishara njema kuliko hiyo kwa mtu aliyeanza akiwa na ulimi mzito na miwani ya kusomea.

Leo lakini ni siku ya kula, na kufunga ni haramu. Pakueni pilau, mwapelekee majirani. Walio na wazazi hai wakawabusu mikono. Sisi ambao wetu wametangulia tutawaombea, na tutawazuru jamaa na rafiki zao.

Taqabbalallahu minna waminkum. Kullu aam wa antum bikheir.