Shikamoo isiyoitikiwa

Mhariri,

Mara nyingi nasoma kwenye ukurasa huu malalamiko kwamba manesi wa chumba cha wagonjwa mahututi tuna roho ngumu. Nina miaka tisa humo na sitabisha sana. Naomba tu nieleze ugumu huo unavyoanza.

Mgonjwa wa mashine ya kupumulia ana mpira uliopita mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, hadi kwenye njia ya hewa. Hawezi kutamka neno, na mara nyingi amelazwa usingizi kwa dawa. Siku ya kwanza namwamkia, "Shikamoo mzee." Kimya. Ya pili, kimya. Ikifika ya nne nimeshaacha kuamkia: nasoma kioo cha mashine, nafyonza makohozi, namgeuza kila baada ya saa mbili asitoke vidonda, naandika. Wakati wa kukabidhiana zamu ameshakuwa "kitanda namba tatu". Sisi tumelelewa kumjua mtu kwa kuamkiana naye.

Usiku najikuta na wagonjwa watatu wa aina hiyo peke yangu. Uingereza kipimo ni nesi mmoja kwa mgonjwa mmoja wa mashine. Kengele mbili zikilia pamoja, macho hayatoki kwenye namba. Ndugu akiuliza mlangoni "anaendeleaje?", namjibu kwa mkato, maana taarifa ni ya daktari kutoa, naye anaondoka akijua nimemdharau.

Mwaka jana tulikuwa na mzee aliyefinyafinya shuka kutwa nzima. Tuliandika "anahangaika", tukamfunga mikono kwa bandeji asichomoe mpira. Binti yake akaruhusiwa kuingia dakika kumi. Akacheka huku analia: "Baba ni fundi cherehani. Anatafuta pindo."

Toka siku hiyo nilimwita Fundi, na kila nilichotaka kumfanyia nilimwambia kwanza. Dakika zile kumi zilinifaa kuliko semina zote za huduma kwa mteja nilizopelekwa.

Alifariki nikiwa mapumziko. Niliporudi, kitandani alikuwa kijana wa ajali ya bodaboda, na nikaanza kwa kusoma dripu yake.

Fomu yetu ya kupokea mgonjwa inauliza bima, dini na simu ya ndugu. Naomba wakuu wa hospitali waongeze mstari mmoja: nyumbani mnamwitaje? Na huyo ndugu apewe muda kidogo zaidi ya dakika kumi.

Muuguzi,
Dar es Salaam