Mhariri, siyo kila kipele cha ndevu ni cha wembe

Mhariri, habari za kazi. Mimi nauza kwenye duka la dawa hapa Morogoro, jirani na saluni za kiume, kwahiyo wikiendi wateja wangu wengi ni vijana wametoka kunyolewa na kidevu kinawaka, wanafika dirishani wanasema tu "bro nipe ile tyubu ya tatu kwa moja", yaani cream yenye dawa tatu ndani. Na nyie kwenye safu yenu ya afya mada ya ndevu ikija jibu ni lile lile, vipele vya wembe, paka hiki paka kile. Hapo mnachanganya mambo jamani.

Vipele vya wembe vipo na ndo vingi, sibishi. Ndevu zetu zinajikunja, ukizinyoa chini kabisa tena kinyume na zinavyolala zinabaki na ncha kali, alafu zikianza kuota zinageuka zinaingia kwenye ngozi. Mtu akikaa kwenye mwanga unauona unywele umelala chini ya ngozi kama upinde. Vinapenda shingoni na chini ya taya. Dawa ya kwanza hapo ni kuacha wembe, ziache ziote wiki kadhaa, ukirudi nyoa kwa mashine ubakize kama milimita 1, basi.

Sasa kuna nyingine madaktari wanaita sikosisi, hii ni vinyweleo vya ndevu vimeingiwa na bakteria, mara nyingi ni stafilokokasi, na huyu karibu watu 3 kwa kila 10 wanaishi naye puani na hata hawajui. Ndo maana mara nyingi inaanzia kwenye masharubu, chini ya pua pale, kabla ya kushuka kidevuni. Ukiangalia kwa karibu kila kipele kina usaha na unywele umesimama katikati, ukigusa panauma, baadae panakauka ukoko wa njano, na ikikaa sana ikazama chini inaacha kovu ambalo ndevu hazioti tena. Hii inataka antibayotiki kama mupirosini ya kupaka, ikisambaa vidonge, na kama inarudi rudi daktari anatibu mpaka pua, maana unaweza kutibu kidevu mwaka mzima na chanzo kiko juu yake tu.

Alafu kuna fangasi wa ndevu, hawa huku kwetu wasisahaulike kabisa maana Mvomero na Kilosa wafugaji wapo wengi, na wapo fangasi wanaotoka kwa ng'ombe hasa ndama wenye mabaka. Shavu upande mmoja linavimba kama jipu, lakini ukivuta ndevu zinatoka kirahisi bila maumivu. Cream peke yake haifiki kwenye shina la unywele, ni vidonge vya wiki kadhaa.

Hiyo tatu kwa moja sasa, ndani ina steroidi, antibayotiki na dawa ya fangasi pamoja. Steroidi inatuliza muwasho na uvimbe siku chache mtu anasema imenisaidia, huku fangasi anatanuka chini kwa chini, akija kuacha kupaka uso unalipuka upya na yeye anarudi kununua nyingine. Wengine ngozi imeshakuwa nyembamba na imeota chunusi juu yake, na bado wanaidai kwa jina.

Vinyozi nao waguswe. Taulo moja linafuta wateja asubuhi mpaka jioni, mashine inapigwa spiriti sekunde mbili na kupita kwa mwingine, na kile kiboksi cha taa ya bluu ukutani wateja wanakiamini mno wakati taa hiyo, hata ikiwa ni ya kweli, inaua vijidudu pale mwanga unapogusa tu, siyo chini ya nywele na damu iliyoganda kwenye meno ya mashine. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza. Maafisa afya wakipita saluni wanaulizia leseni, waulizie na taulo.

Na mabosi wa makampuni ya ulinzi wanaolazimisha askari wanyoe kila siku mpaka shingo zinatoka damu, wajue jeshi la anga la Marekani lenyewe mwaka 2020 liliruhusu kibali cha daktari cha kutonyoa kifike miaka 5, ingawa 2025 masharti yalikazwa tena.

Ombi langu kwenu mhariri, mkirudia hii mada tafuteni daktari wa ngozi, kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kipo pale hospitali ya KCMC Moshi toka 1992, awape picha za mashavu meusi. Picha nyingi mtandaoni ni za wazungu, wekundu unaonekana waziwazi, sisi hapo panakuwa peusi au zambarau, mtu anaangalia simu anaangalia kioo anasema hii siyo yangu.

Muuza dawa, Morogoro