Barua kwa mwanangu aliyeitwa wa kuja

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, wadogo zako hawajambo, na yule mbuzi uliyemwacha na mimba amezaa mapacha, wote majike.

Mama yako ameniambia yaliyotokea bwenini. Kwamba mlikuwa mnatajiana makabila, na zamu yako ilipofika mwenzako akakukatisha: ninyi ni watu wa kuja, babu yenu aliletwa kukata mkonge, hapa si kwenu. Na kwamba hukumjibu, ukajifunika shuka. Nimeumia, mama. Nilitaka kukupigia, lakini simu ya matroni ina foleni na dakika zenyewe ni chache, na haya ninayotaka kukwambia yanahitaji nafasi.

Babu yako alikuja kweli, na sioni sababu ya kulificha. Alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa bado kijana, akaandikishwa manamba, akafikishwa huku Tanga kwenye shamba la mkonge la Mgiriki mmoja. Wagiriki walikuwa na mashamba mengi ya mkonge wakati wa Mwingereza. Siku sita babu yako alikata mkonge wa Mgiriki, na ya saba alikaa kanisani akisikiliza habari za Myahudi na Myunani. Alifariki bila kujua kwamba Myunani wa kwenye Biblia na yule mwenye shamba ni watu wa taifa moja. Mimi nilikuja kulijua nikiwa chuo cha ualimu, na nakumbuka nilivyotamani angekuwepo nimkimbilie kumweleza.

Nimefundisha historia miaka mingi, na kila nilipofika kwa Wagiriki nilimkumbuka yeye. Ngoja nikusimulie walivyosema wenyewe kuhusu asili yao.

Wanasema hapo kale mungu wao mkuu, Zeus, aliwakasirikia wanadamu akaleta gharika. Prometheus, mmoja wa miungu yao ya kale, akamtahadharisha mwanawe Deucalion, naye akaunda sanduku kubwa, akapakia chakula, akaingia na mkewe Pyrrha. Walielea siku tisa, usiku na mchana, hadi sanduku likakwama kwenye mlima Parnassus, ule ulio juu ya Delphi, mahali Wagiriki walipokwenda kuuliza miungu yao. Maji yalipopungua walijikuta peke yao. Wakaambiwa watembee wakitupa nyuma yao mifupa ya mama yao. Katika usimulizi mmoja Pyrrha alikataa. Angewezaje kumkosea heshima mama yake aliyekwisha kufa? Ndipo Deucalion akaelewa kwamba mama ni ardhi, na mifupa yake ni mawe. Mawe aliyotupa mume yakawa wanaume, aliyotupa mke yakawa wanawake. Katika Kigiriki cha kale watu ni laos na jiwe ni laas, na wasimulizi waliyaunganisha maneno hayo mawili.

Lakini wawili hao walizaa pia kwa tumbo. Mtoto wao wa kiume akaitwa Hellen, usimchanganye na Helen, yule mwanamke wa vita vya Troy. Kutokana na Hellen ndiyo maana Wagiriki mpaka leo wanajiita Hellenes. Hellen akawazaa Dorus, Xuthus na Aeolus. Xuthus akawazaa Ion na Achaeus. Hapo ndipo nilipokuwa nikiwasimamisha wanafunzi wangu: Wadoria, Waeolia, Waionia, Waakaya, makundi ya watu wenye lahaja tofauti, desturi tofauti, mara nyingi wenye ugomvi wa kumwagiana damu, kila kundi limepewa babu, na mababu wote wamekusanywa ndani ya nyumba moja. Aliyeupanga ukoo ule alijua anachokifanya. Aliwataka watu wanaopigana wajue kwamba wanapigana na ndugu.

Tena ulipangwa baadaye sana. Homer, mshairi wao mkubwa, anaposimulia vita vya Troy hawaiti Wagiriki wote kwa jina la Hellenes kama wanavyojiita leo. Anasema Waakaya, anasema Waargos, anasema Wadanai. Hellenes kwake ni watu wa kieneo kidogo cha Thessaly alikotoka shujaa Achilles. Mwanahistoria Thucydides, katika karne ya 5 KK, aliligundua hilo akaliandika waziwazi: kabla ya Hellen jina hilo la nchi nzima halikuwepo. Kwa maneno mengine, Mgiriki mwenyewe aliona kwamba Wagiriki hawakuanza wakiwa Wagiriki. Walikuja kuwa.

Na majina tunayowaita sisi? Myunani ni jina la Ion. Waajemi walikutana na Waionia wa pwani ya Asia Ndogo, wakawaita Wagiriki wote Yauna. Waarabu wakasema Yunan, na sisi tukalipokea kutoka kwao tukaliweka kwenye Biblia yetu. Mgiriki nalo limetoka kwa Warumi, waliowaita Graeci, na kwenye ukoo ule ule wa gharika yumo mtu anayeitwa Graikos, mtoto wa binti wa Deucalion, yaani mpwa wa Hellen. Watu wakajiita kwa jina la mjomba, majirani wa magharibi wakawaita kwa jina la mpwa, majirani wa mashariki kwa jina la mjukuu. Babu yako alisikia mawili kati ya majina hayo wiki nzima, moja shambani na moja kanisani.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Ukiuliza miji mikubwa ya Wagiriki ilianzishwa na nani, wenyewe wanakujibu bila kuona haya: na wageni. Thebes ilianzishwa na Cadmus, kijana wa Tiro, mji wa Foinike, Lebanoni ya leo, aliyetoka kwao kumtafuta dada yake Europa aliyeibwa na Zeus. Hakumpata. Delphi ikamwambia aache kutafuta, amfuate ng'ombe, na pale atakapolala ajenge mji. Akajenga. Akaua joka lililolinda chemchemi, akapanda meno yake ardhini, na kwenye matuta wakaota wanaume wenye silaha wakaanza kuuana hadi wakabaki watano. Familia kubwa za Thebes zilidai kutokana na hao watano, waliopandwa na mgeni. Mwanahistoria Herodotus anasema ni Wafoinike wa Cadmus waliowaletea Wagiriki herufi, na kuhusu herufi hadithi inakubaliana na wataalamu wa leo: alfabeti ya Kigiriki ilitokana na ya Kifoinike. Alpha yao na alifu uliyoisikia wakikariri watoto wa madrasa ya jirani yetu zina asili moja.

Pelops alitoka Lydia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, na rasi nzima ya kusini, yenye Sparta na Olympia, inaitwa kwa jina lake: Peloponnese, kisiwa cha Pelops. Hebu fikiri, nchi ya wenyeji imechukua jina la mtu wa kuja.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni Danaus. Huyu alitoka Misri na binti zake hamsini, wakikimbia kuozwa kwa nguvu kwa watoto hamsini wa ndugu yake Aegyptus. Walishuka Argos, mji wa Wagiriki, wakakaa kwenye madhabahu wameshika matawi ya kuomba hifadhi. Mshairi Aeschylus aliitungia habari hiyo mchezo wa jukwaani. Humo mabinti wanajiita wenyewe watu weusi waliopigwa na jua. Mfalme wa Argos anawatazama, anawaambia: ninyi hamfanani na wanawake wa hapa, mnafanana na watu wa Libya au wa Nile. Nao wanashikilia kwamba ni damu ya Argos. Bibi yao mkuu ni Io, binti wa Argos hiyo hiyo, aliyefukuzwa na wivu wa mungu wa kike Hera akazunguka dunia hadi Misri akazalia huko. Mfalme anawahoji hatua kwa hatua, nani alimzaa nani, hadi anaridhika. Hata hivyo hakuamua peke yake. Alikwenda kuwauliza watu wa mji, na wote wakainua mikono ya kulia. Hakuna aliyekataa.

Nilipokuwa nikisoma sehemu hiyo darasani sauti yangu ilikuwa inabadilika, na wanafunzi walikuwa wanajua.

Kwenye ukoo wa Danaus ndimo wametoka mashujaa Perseus na Heracles, na wafalme wa Sparta, watu waliojivuna kwa damu yao kuliko wengi, walijihesabu kuwa uzao wa Heracles. Herodotus akaufuata ukoo huo kurudi nyuma akasema kwa uwazi: ukipanda juu vya kutosha, viongozi hao wa Wadoria ni Wamisri.

Walikuwepo waliokataa habari hizi, na usidhani nitakuficha. Watu wa Athens walisema wao hawakutoka popote. Mfalme wao wa kwanza, Cecrops, alikuwa mtu juu, nyoka chini, maana nyoka ni kiumbe cha ardhi. Na Erichthonius alizaliwa na udongo wenyewe, mungu Athena akampokea. Katika maandishi ya mwanafalsafa Plato imo hotuba ya mazishi inayojisifu kwamba katika Athens hakai Pelops, wala Cadmus, wala Danaus: hapa ni wenyeji watupu. Ukiisoma utaisikia sauti ya yule mwenzako wa bwenini.

Lakini hata Athens ilikuwa na shida moja. Ion, babu wa Waionia ambao wao walijihesabu humo, baba yake ni Xuthus, na Xuthus ni mgeni aliyekuja kuoa binti wa mfalme wao. Basi Euripides, mshairi wa Athens, akatunga mchezo ambao ndani yake Ion si mtoto wa Xuthus hata kidogo. Ni mtoto wa mungu Apollo kwa yule binti wa mfalme, Creusa, na Xuthus anaachwa aamini ni wake. Dorus na Achaeus nao wanashushwa, wanakuwa wadogo zake Ion. Umeona? Mgeni alipozidi kuwa karibu, ukoo ukaandikwa upya. Naye Herodotus alishasema kwamba Waathene hao hao zamani walikuwa Wapelasgi, watu wa lugha nyingine, waliojifunza Kigiriki walipoingia kwa Wagiriki.

Na maringo hayo hayakubaki hadithi. Mwaka 451 KK, kwa pendekezo la Pericles, kiongozi wao mashuhuri, ilipitishwa sheria kwamba raia wa Athens ni yule tu ambaye baba na mama wote ni raia. Baadaye Pericles mwenyewe akaishi na Aspasia, mwanamke kutoka Miletus, mji wa Asia Ndogo, wakapata mtoto wa kiume. Kwa sheria ya baba yake mtoto huyo hakuwa raia. Kisha tauni ikaingia Athens, ikawachukua watoto wawili wakubwa wa Pericles waliokuwa raia halali. Akabaki na huyu wa Aspasia. Mzee yule akasimama mbele ya watu wa mji akawaomba wailegeze sheria yake mwenyewe, ili jina lake lisikatike. Wakamhurumia, wakamruhusu amwandikishe mwanawe kwa jina lake. Mwaka 429 KK tauni ikamchukua naye.

Kila ninapofika hapo namfikiria yule mtoto zaidi ya baba. Amezaliwa Athens, amecheza Athens, anaongea kama wao, halafu anasubiri nje mkutano uamue kama yeye ni wa hapo.

Wewe hukusubiri mkutano wowote. Umezaliwa hapa, kitovu chako kimezikwa nyuma ya nyumba hii, na hata ungezaliwa ng'ambo ya Ruvuma ungekuwa mwanangu yule yule. Huyo mwenzako usimchukie. Nimeongea na mama yako, tutamwona mwalimu wa malezi siku ya wazazi, kwa upole.

Pamoja na barua hii nimekuwekea nakala ya kipande cha babu yako, ile kadi ya manamba iliyohesabiwa siku zake za kazi. Utaona jina lake lilivyoandikwa. Hilo silo alilopewa na wazazi wake. Karani wa shamba alimsikia vibaya akaandika alivyosikia, na babu yako hakujua kusoma wakati ule, na ndilo jina la ukoo unaloitwa nalo kwenye mahudhurio kila asubuhi. Lile la kwanza ninalo. Ukija likizo tutakwenda kwenye kaburi lake, nitalitamka pale, na wewe ulitamke.

Nimempa mjomba wako sabuni, mafuta na shilingi elfu kumi. Mandazi ni ya mama yako, ule na wenzako wote.

Baba yako