Walimu wa informatiki, mufundishe pia draiva kuachilia kadi

Bwana Muhariri,

Naomba nafasi niongee na walimu wa informatiki wa hapa Bukavu. Vijana wanatoka kwenu wanajua kuandika draiva ya netiweki (programu inayoendesha kadi ya mtandao) inayowaka, lakini kuiandika ivyo iweze kuondoka bila kuleta matatizo, hapo bado.

Kwetu huku modemu ya USB inachomekwa, inachomolewa, umeme unakatika, unarudi, na kila mara kerneli, ule moyo wa Linux, inaandikisha kadi (modemu nayo inahesabiwa kadi) halafu inaifuta. Kabla ya kufuta inaangalia kaunta, kama kuko anayeishikilia bado. Funksheni ya kerneli inayoitwa dev_hold inapandisha kaunta, dev_put inashusha, hiyo wengi wanaikumbuka. Wanachosahau ni kwamba dev_get_by_name, ile ya kutafuta kadi kwa jina, nayo inapandisha kimya kimya, alafu katikati ya funksheni memori inakosekana, wanatoka mapema, na ile dev_put iko kule chini kabisa haifikiwi. Majaribio yote yanapita kwa sababu pale memori haikosekani!

Sasa siku mtu anachomoa modemu, skrini inatoa ujumbe ule ule kila sekunde 10: kerneli inasubiri wwan0 (ndiyo jina la modemu) iachiliwe, hesabu bado haijashuka. Itasubiri mpaka kesho. rmmod, amri ya kuondoa draiva, imekwama, modemu ingine ukichomeka inaweza isionekane, mashine inakataa kuzima, mwishowe mtu anaikata kwa nguvu na faili za kazi ziko wazi. Nimeona seva ya duka ikizimwa hivyo, iliniuma sana. Na wale wanaoongeza dev_put moja zaidi eti kwa usalama wanaharibu kabisa, maana kadi inafutwa wakati kuko kodi ya programu inaitumia bado, memori yake inaachiliwa, na hapo kerneli nzima inaweza kuanguka.

Tangu 2022 Linux iko na treka, yaani kifuatiliaji, ya hii kazi. Unatumia netdev_hold na netdev_put, kila anayeshika anaandikwa, na hesabu isiporudi inakuonyesha ni wapi kwenye kodi kadi ilishikwa. Ni bure, inaongeza tu mzigo kidogo kwa mashine. Basi wekeni NET_DEV_REFCNT_TRACKER, ndiyo inawasha hiyo treka, kwenye kerneli za maabara, na kwenye mtihani pointi zisitoke kwa ping (jaribio la kuona kama mtandao unajibu) kujibu tu, mwanafunzi aonyeshe kila njia ya kutoka kwenye funksheni na dev_put yake iko wapi.

Mtunza seva, Kadutu, Bukavu